Namna ya Kusanifu Sumaku za Njia ya Mwale wa Protoni: Mwongozo kwa Wahandisi na Mafundi wa Uganda

Atomi za fluorini-18, zinazotumika kupiga picha za uvimbe wa saratani mwilini, hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Haziwezi kuagizwa kutoka mbali zikakaa forodhani Malaba kama vipuri vya gari. Hutengenezwa karibu na mgonjwa, kwa kuyapiga maji yenye oksijeni-18 kwa mwale wa protoni zinazokwenda kasi sana. Mashine inayozipa protoni kasi hiyo hununuliwa nzima kutoka kiwandani. Lakini njia inayouchukua mwale kutoka kwenye mashine na kuufikisha kwenye shabaha, ambayo wakati mwingine iko katika chumba kingine chenye kuta nene za zege, ni kazi ambayo wahandisi wetu wanaweza kuisanifu na mafundi wetu wanaweza kujenga sehemu yake kubwa hapa hapa Uganda. Mwongozo huu nimewaandikia hao.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mwale wa protoni zenye nishati ya MeV 18 (milioni 18 za elektroni-volti), sumaku moja inayoupindisha mwale huo kwa nyuzi 45, na sumaku ndogo zinazouzuia usitawanyike njiani. Namba zote zinaweza kuhakikiwa kwa kikokotoo cha simu, nami namwomba msomaji azihakiki kweli kwa mkono wake, kwa sababu programu ya kompyuta itakupa jibu hata kwa swali lililoulizwa vibaya.

Hatua ya kwanza: ujue mwale kabla ya kuigusa sumaku

Wanafunzi wengi huanza na chuma: wanachora nira, yaani fremu ya chuma ya sumaku, wanachora koili, kisha wanauliza uga utakuwa kiasi gani. Njia iliyo sahihi huanzia upande wa pili, kwa mwale wenyewe. Protoni ya MeV 18 ina momenta (kiasi cha mwendo) ya GeV/c 0.1847. Zidisha namba hiyo kwa 3.3356, utapata 0.616, na hicho ndicho kipimo cha ugumu wa mwale kupindishwa, ambacho kizio chake ni tesla-mita (tesla ni kizio cha uga wa sumaku). Maana yake ni kwamba ukizidisha uga wa sumaku kwa nusu kipenyo cha mzingo ambao mwale unaufuata ndani ya uga huo, jibu ni 0.616 daima, upende usipende. Ukitaka mzingo mdogo utalipa kwa uga mkubwa, na ukitaka uga mdogo utalipa kwa sumaku ndefu na nzito.

Nimechagua uga wa tesla 0.8, ambao unaleta nusu kipenyo cha mita 0.77. Ningeweza kuchagua tesla 1.6 na kupata sumaku fupi, lakini chuma laini hushiba kabisa karibu na tesla 2.1, na kabla ya hapo, kuanzia tesla 1.5 hivi, kila nyongeza ndogo ya uga huanza kudai nyongeza kubwa ya mkondo. Uga wa tesla 0.8 unaacha nafasi ya kutosha kwa chuma kisicho bora sana, nasi katika mazingira yetu tunaihitaji nafasi hiyo.

Hatua ya pili: uhurumie mwanya

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mwanya kati ya ncha mbili za sumaku ndio unaoamua karibu kila gharama itakayofuata: shaba, chuma, umeme, maji na hata kreni ya kuinulia.

Hesabu yake ni hii. Idadi ya ampea-mizunguko inayohitajika, yaani mkondo ukizidishwa kwa idadi ya mizunguko ya waya, ni uga ukizidishwa kwa mwanya, kisha ukagawanywa kwa namba ya upenyezaji wa ombwe, ambayo ni 1.2566 kwa milioni. Kwa uga wetu wa tesla 0.8, kila milimita moja ya mwanya inadai ampea-mizunguko 637. Mwanya wa milimita 50 unadai 31,831. Mtu akisema kwenye kikao, kwa nia njema kabisa, kwamba tuongeze milimita kumi kwa ajili ya usalama, mahitaji hayo yanapanda kwa asilimia 20, na kwa kuwa joto la koili hukua kwa mraba wa mkondo, bili ya umeme wa koili zile zile inapanda kwa asilimia 44. Bili hiyo italipwa kila mwezi kwa miaka yote ambayo kituo kitakuwa kinafanya kazi.

Basi mwanya haukadiriwi kwa jicho, hujengwa kwa kujumlisha. Mwale wenyewe, pamoja na nafasi ya makosa ya kuuelekeza, unahitaji urefu wa wima wa milimita 40 ndani ya bomba la ombwe. Ukuta wa bomba la chuma cha pua una unene wa milimita 2 juu na 2 chini, kwa sababu shinikizo la hewa litalikandamiza bomba lenye ukuta mwembamba zaidi. Halafu panahitajika milimita 3 kila upande za kuingizia bomba na kulirekebisha. Jumla ni 50, na kila milimita ndani yake ina kazi yake.

Usibane kupita hapo. Katika mradi mmoja wa mafunzo niliacha milimita 1 tu kila upande, nikajisifu kwa uchumi huo, lakini siku ya kuunganisha bomba halikuingia. Mshono wa kulehemu ulikuwa umetokeza nje kwa milimita 2 katika urefu wote wa bomba, jambo ambalo mchoro wangu haukulionyesha, nasi tulishinda siku mbili tukiusugua kwa tupa, polepole, tukiogopa kutoboa ukuta na kupoteza ombwe. Tangu siku hiyo mshono wa kulehemu huwa nauchora kwenye michoro yangu kama kitu chenye unene wake.

Hatua ya tatu: upana wa ncha na unene wa nira

Uga haukomi ghafla kwenye ukingo wa ncha, bali hulegea kidogo kidogo kabla ya kufika ukingoni. Tukitaka uga usibadilike zaidi ya sehemu moja kwa elfu katika eneo ambamo mwale unapita, ncha bapa isiyo na marekebisho lazima izidi ukingo wa eneo hilo kwa takriban mara 1.6 ya nusu ya mwanya. Nusu ya mwanya wetu ni milimita 25, kwa hiyo ziada ni milimita 40 kila upande. Mwale wetu unahitaji eneo safi la milimita 30 kushoto na 30 kulia, hivyo ncha inafika upana wa milimita 140. Ukingo wa ncha ukiongezewa kijiinuko chembamba kilichokokotolewa vizuri, ziada hiyo hushuka hadi milimita 18 hivi, na sumaku nzima inapungua. Hata hivyo, kijiinuko hicho kinadai uchongaji wa usahihi mkubwa, na kwa sumaku ya kwanza kujengwa na timu changa ningeshauri ncha bapa.

Bado kuna jambo moja ambalo husahaulika. Mwale unapinda ndani ya sumaku, lakini ncha iliyochongwa kama mstatili haipindi. Kina cha upinde wa mwale, yaani umbali kati ya katikati ya tao na mstari unaounganisha miisho yake, ni mita 0.77 ukizidishia moja kasoro kosaini ya nyuzi 22.5, ambao ni milimita 59. Ziada hiyo lazima iongezwe kwenye upana, nasi tunafika milimita 200. Ungeweza kuchonga ncha yenye umbo la tao ukaokoa chuma hicho, lakini mstatili huchongwa kwa mashine ya kawaida na hupimwa kwa vifaa vya kawaida. Zaidi ya hayo, mwale unapoingia na kutoka kwenye mstatili kwa mshazari wa nyuzi 22.5, kila ukingo unaukusanya mwale kwa wima kama lenzi yenye umbali wa fokasi wa mita 1.86. Huo ni msaada ambao umeupata bila kuulipia, mradi tu uuingize kwenye hesabu za njia nzima.

Nira ni sehemu ya chuma inayoufunga mzunguko wa uga kutoka ncha ya juu hadi ya chini, na ninaipenda nira yenye umbo la H, ambayo ina miguu miwili na haitanuki. Kukadiria unene wa miguu, chukua upana wa ncha pamoja na mianya miwili, yaani 200 na 100, zidisha kwa tesla 0.8, gawanya kwa miguu miwili na kwa uga unaouruhusu ndani ya chuma, ambao nimeuweka tesla 1.2. Jibu ni milimita 100 kila mguu. Urefu wa sumaku kufuata njia ya mwale ni kama milimita 540 za chuma, kwa kuwa uga humwagika nje ya miisho yote miwili kwa jumla inayokaribia mwanya mmoja, na urefu wa uga unaohitajika kwa mstari ulionyooka ni milimita 589. Chuma hicho kitakuwa na uzito wa kilo 900 hivi. Uga wenyewe utazivuta ncha mbili zikutane kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani 2.8, kwa hiyo boliti za nira si za mapambo.

Kuhusu chuma chenyewe, niseme wazi: nondo na mabamba yanayoyeyushwa kutoka vyuma chakavu hayafai kwa kazi hii, hata yakiwa imara kiasi gani kwa ujenzi wa nyumba. Kaboni ndani yake ni nyingi na hubadilika kutoka kundi hadi kundi, na kaboni hukipa chuma kumbukumbu ya uga uliopita. Agiza chuma chenye kaboni chini ya asilimia 0.1, na kama bajeti inaruhusu chini ya asilimia 0.01, kinacholetwa na cheti cha vipimo. Mabamba yote ya sumaku moja yatoke kwenye kundi moja la uyeyushaji.

Hatua ya nne: koili

Chuma nacho hudai sehemu yake ya mkondo, kama asilimia 3, kwa hiyo tunapanga ampea-mizunguko 33,000, yaani 16,500 kwa kila koili kati ya mbili. Hapo una uhuru wa kuchagua mizunguko mingi yenye mkondo mdogo au michache yenye mkondo mkubwa. Mizunguko mingi inahitaji volti nyingi na vihami vingi, na michache inahitaji nyaya nene sana kutoka kwenye chumba cha umeme. Nilichochagua ni mizunguko 84 kwa koili, iliyopangwa safu 12 zenye mizunguko 7 kila moja, ambayo inaleta mkondo wa ampea 196.

Waya wake ni shaba ya mraba ya milimita 8 kwa 8 yenye tundu la milimita 5 katikati la kupitishia maji. Shaba iliyobaki ina eneo la milimita za mraba 43.5, hivyo msongamano wa mkondo ni ampea 4.5 kwa milimita ya mraba, kiwango cha kawaida kwa koili inayopozwa kwa maji. Mzunguko mmoja una urefu wa wastani wa mita 2, zote 168 ni mita 336, na ukinzani wake, shaba ikiwa na joto la nyuzi 40, ni omu 0.144. Kwa hiyo volti ni 28 na nguvu inayogeuka joto ni kilowati 5.5. Shaba yenyewe ina uzito wa kilo 131. Waya wa namna hii sijawahi kuukuta katika maduka ya Kampala, na ni lazima uagizwe kiwandani kwa vipande virefu. Usikubali viungo ndani ya koili, kwa sababu kiungo kikivuja baada ya epoksi kuganda, koili nzima imekwisha.

Kazi ya kusuka yenyewe, kwa upande mwingine, tunao wanaoijua. Nilimpelekea mzee mmoja wa Katwe, aliyekuwa akisuka mota za mashine za kusaga tangu sijazaliwa, kipande cha waya huo wenye tundu. Alikipindisha kwenye goti la chuma, akakitazama, akanionyesha jinsi upande wa ndani wa pindo ulivyovimba na upande wa nje ulivyobonyea. “Mwanangu,” aliniambia, “koili yako itakuwa nene pembeni kuliko ulivyochora.” Alikuwa sahihi. Waya wa mraba ukipindishwa kwa nusu kipenyo kidogo kuliko mara tatu ya upana wake huvimba kiasi cha kuziharibu safu zote zinazofuata. Alinishauri niziviringishe pembe za kiunzi cha kusukia, kile cha mbao za mvule, hadi ziwe na nusu kipenyo cha milimita 30, na baada ya kila safu tuipige safu hiyo kwa nyundo ya mbao juu ya ubao bapa kabla ya kuanza nyingine. Maarifa ya aina hiyo hayamo katika hesabu zangu, na mhandisi anayemdharau fundi wa kusuka mota anajinyima mwalimu.

Kila waya huvikwa utepe wa nyuzi za kioo, koili iliyokamilika huvikwa tena, kisha huwekwa ndani ya kalibu na kumiminiwa epoksi katika ombwe ili kusibaki kiputo cha hewa.

Hatua ya tano: maji

Kilowati 5.5 zinazopandisha joto la maji kwa nyuzi 20 zinahitaji lita 4 kwa dakika. Swali ni jinsi ya kuyagawa maji hayo. Wazo la haraka ni kuipa kila jozi ya safu njia yake, yaani njia 12 kwa koili mbili, ili maji yapite kwa wepesi. Lakini basi kila njia inapata theluthi moja tu ya lita kwa dakika, mwendo wa maji ndani ya tundu unakuwa sentimita 28 kwa sekunde, na namba ya Reynolds, inayoonyesha kama maji yanatiririka kwa utulivu au yanavurugika, ni kama 2,000. Hapo maji hutiririka kwa utulivu, tabaka la nje likiwa limegusana na shaba na tabaka la kati likipokea joto kwa shida zaidi. Shaba huwa na joto kuliko maji yanayoipoza, na anayepima joto la maji peke yake hataiona tofauti hiyo.

Tumia njia 4 tu, mbili kwa kila koili, kila moja ikiwa na jozi tatu za safu zilizounganishwa mfululizo na urefu wa mita 84. Mwendo unapanda hadi sentimita 84 kwa sekunde, namba ya Reynolds inafika 6,000, maji yanavurugika na kulikomba joto, na shinikizo linalopotea ni bari 2.1, ambalo pampu ya kawaida inalimudu. Maji yawe yamesafishwa madini na yazunguke katika mfumo uliofungwa. Maji ya bomba la mjini au ya ziwani yataacha ukoko ndani ya tundu la milimita 5 na pia yatapitisha umeme kutoka koili hadi kwenye mabomba. Usichanganye mabomba ya chuma cha kawaida na shaba katika mfumo huo.

Hatua ya sita: sumaku za ncha nne

Sumaku ya kupindisha huuelekeza mwale, lakini protoni hukosana njia kidogo, na bila kukusanywa zitagonga ukuta wa bomba kabla ya kufika. Kazi hiyo hufanywa na sumaku yenye ncha nne, kaskazini na kusini kwa zamu, ambayo katikati yake hakuna uga kabisa na uga hukua kadiri unavyotoka katikati. Sumaku ya namna hii huukusanya mwale kwa upande mmoja, mathalani mlalo, na kuutawanya kwa wima, kwa hiyo hazitumiki pekee, hutumika mbili au tatu zikifuatana kwa kupishana. Kwamba kukusanya na kutawanya kwa zamu huleta jumla ya kukusanya ni jambo lililochapishwa na Courant, Livingston na Snyder mwaka 1952. Lakini Nicholas Christofilos, aliyekuwa akifanya kazi ya lifti mjini Athens na kujifundisha fizikia mwenyewe, alikuwa amelifikia wazo hilo kabla yao.

Kwa mfano wetu, tunataka umbali wa fokasi wa mita 0.5 kwa sumaku yenye urefu wa mita 0.2. Hiyo inadai uga unaokua kwa tesla 6.16 kwa kila mita. Bomba la mduara lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50, pamoja na ukuta na nafasi, linadai tundu la milimita 60, yaani nusu kipenyo cha milimita 30. Ampea-mizunguko kwa kila ncha ni mkuo huo, yaani kiasi ambacho uga unakua kwa kila mita, ukizidishwa kwa mraba wa nusu kipenyo, kisha ukagawanywa kwa mara mbili ya namba ya ombwe, na jibu ni 2,206. Angalia kwamba hapa ni mraba: ukiongeza tundu kwa asilimia 20, mahitaji yanapanda kwa asilimia 44 na joto linazidi mara mbili.

Weka mizunguko 225 ya waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 3 uliopakwa vanishi, upitishe ampea 10, na koili zote nne pamoja zitatumia wati 150 tu kwa volti 15. Waya huu unapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya kusuka mota, hauhitaji maji, na msongamano wa ampea 1.4 kwa milimita ya mraba unastahimilika hata kwa hewa ya Kampala, ambayo kwa mwinuko wa mita 1,200 hivi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kidogo zaidi ya sehemu moja kwa kumi, na hivyo hupoza kwa upungufu kidogo. Kama nchi yetu ingekuwa na sumaku moja ya kujifunzia, ningependa iwe hii.

Ugumu wake uko kwenye umbo la ncha. Uso wa ncha hufuata mkunjo ambao x ukizidishwa kwa y ni nusu ya mraba wa nusu kipenyo, yaani milimita za mraba 450 kwa tundu letu, na makosa ya uchongaji yasizidi milimita 0.05. Muhimu kuliko usahihi wa kila ncha ni kufanana kwa ncha zote nne, kwa sababu zikikosea sawasawa uga unabaki na ulinganifu wake, lakini moja ikikosea peke yake inaleta uga wa kigeni ambao hakuna marekebisho ya mkondo yatakayouondoa. Zichonge zote kwa mashine moja, kwa kifaa kimoja cha kukatia, ikiwezekana siku moja.

Hatua ya saba: kompyuta

Sasa, baada ya karatasi, fungua programu. FEMM, iliyoandikwa na David Meeker, hupatikana bure, huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida, na inatosha kabisa kwa mkato wa sumaku wa vipimo viwili. Kwa mwale wenyewe tumia MAD-X ya CERN, nayo ni bure. Uga unaopata katikati ya sumaku ukitofautiana na wa karatasi kwa zaidi ya asilimia chache, usiiamini programu mpaka umepata sababu. Mara nyingi mchoro haukufungwa mahali fulani, au chuma kilichochaguliwa kwenye orodha si kile ulichoagiza.

Hatua ya nane: kujenga na kukagua kabla ya kuwasha

Nyuso za ncha zichongwe baada ya nira kuunganishwa kwa majaribio, na mwanya upimwe kwa vipimo vya chuma katika pembe zote nne na katikati, kwa sababu kosa la milimita 0.05 katika mwanya wa milimita 50 ni sehemu moja kwa elfu, yaani bajeti yetu yote ya makosa. Pima ukinzani wa kila koili na uulinganishe na wa mwenzake, kwani tofauti ya zaidi ya asilimia 1 inaashiria mizunguko iliyogusana. Pima kihami kati ya koili na chuma kwa mega (kifaa cha kupima ukinzani wa kihami) ya volti 1,000.

Kisha hakikisha pande za sumaku kwa dira ya kawaida, ukipitisha ampea 1 tu. Ninasisitiza hili kwa sababu niliwahi kuunganisha sumaku ya ncha nne ambayo koili moja ilikuwa imegeuzwa, ncha zake za waya zikiwa na vitambulisho vya rangi moja kwa uzembe wangu. Kipimo katikati ya tundu kilionyesha uga mahali ambapo pangepaswa kuwa sifuri, nami nikalaumu kipimo kwa siku nzima. Dira ingeniambia kwa dakika mbili.

Hatua ya tisa: umeme unaokatika

Chanzo cha umeme cha sumaku ya kupindisha kiwe na uwezo wa ampea 250 na volti 40, na kiyumbe si zaidi ya sehemu moja kwa elfu kumi, yaani ampea 0.02. Lakini hapa kwetu lazima ufikirie pia sekunde ambayo umeme wa gridi unapotea. Sumaku yetu inahifadhi nishati ya takriban jouli 1,400 katika mwanya peke yake, na mkondo ukikatwa ghafla nishati hiyo hutafuta njia kwa kuinua volti hadi kuruka cheche. Weka diodi ya kuurudisha mkondo sambamba na koili, karibu na sumaku yenyewe, ili mkondo uzunguke na kufifia kwa utulivu. Weka swichi ya joto inayofunguka kwenye nyuzi 70 juu ya kila njia ya maji, upande wa kutokea, na swichi ya mtiririko kwenye bomba kuu. Swichi zote ziunganishwe mfululizo, ili yoyote ikifunguka chanzo kizime chenyewe na mwale usimamishwe kabla ya kitu kingine chochote. Pampu ya maji isiwashwe tena kwa jenereta kabla ya sumaku kuthibitishwa kuwa imezimwa.

Hatua ya kumi: kupima uga

Tumia kipimo cha Hall, yaani kitambuzi kidogo cha uga wa sumaku, kilichofungwa kwenye meza inayosogea. Pima kwenye mstari wa katikati kila milimita 10, na kila milimita 5 karibu na miisho, kuanzia mahali ambapo uga ni sifuri kabla ya sumaku hadi mahali ambapo ni sifuri baada yake, kisha ujumlishe. Jumla hiyo ndiyo inayoupindisha mwale, si kilele cha katikati. Rudia milimita 20 kushoto na 20 kulia. Jumla ikiwa pungufu kidogo, mkondo utairekebisha. Zikitofautiana kushoto na kulia, ncha haziko sambamba, na itabidi ulegeze boliti na kuanza kupima mwanya upya.

Kabla ya kila upimaji, na baadaye kabla ya kila siku ya kazi, chuma kisahaulishwe ya jana: pandisha mkondo taratibu hadi ampea 210, kaa dakika moja, shusha hadi sifuri, rudia mara tatu, kisha panda hadi 196 bila kuipita. Ukiipita, hata kwa ampea moja, usishuke kuitafuta. Rudi sifuri uanze mara zote tatu tena.